Kupanga Muundo wa Taasisi: Mwongozo Kamili wa Kuanzia kwenye Kazi Kabla ya Kuchora Visanduku

Mtu akiombwa aeleze muundo wa taasisi yake, mara nyingi huchukua karatasi na kuchora visanduku: kimoja juu chenye cheo cha mkurugenzi, vinne au vitano chini yake, na mistari ya kuviunganisha. Mchoro huo una matumizi yake, nasi tutaufikia, lakini muundo wenyewe ni makubaliano juu ya mambo matatu: nani anafanya kazi ipi, nani ana neno la mwisho juu ya jambo gani, na taarifa inapita wapi hadi imfikie mwenye neno hilo. Taasisi inaweza kuwa na mchoro wa kupendeza ukutani huku mambo hayo matatu yakiwa hayajulikani kwa mtu yeyote, na inaweza kuwa haina mchoro hata mmoja huku kila mfanyakazi akijua mipaka yake.

Mfano mmoja wa zamani unaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1855, Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie nchini Marekani, alikabiliwa na tatizo lililowashangaza wenye hisa: reli ndefu zilikuwa na gharama kubwa zaidi kwa kila maili kuliko reli fupi, wakati walitarajia ukubwa uwapunguzie gharama. Maelezo yake yalikuwa kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 anaweza kuwafahamu wafanyakazi wake kwa sura na kulishughulikia kila jambo yeye mwenyewe, lakini reli ya maili 500 haiendeshwi kwa namna hiyo hata akipatikana mtu hodari kiasi gani. Aliigawa reli katika sehemu, akampa kila msimamizi wa sehemu mamlaka ya uendeshaji wa kila siku, kisha akatumia telegrafu kupokea taarifa za mwendo wa treni. Mchoro uliotokana na kazi hiyo, ambao wengi huutaja kuwa chati ya kwanza ya muundo wa taasisi, ulikuwa na umbo la mti: bodi na rais wa kampuni walikaa chini kwenye shina, na sehemu za reli zikatanda juu kama matawi. Kwa McCallum, mchoro ulikuja mwisho, baada ya kazi, mamlaka na taarifa kupangwa.

Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo. Ili tusizungumze hewani, nitatumia kiwanda cha kufikirika cha kusaga na kufungasha unga wa mahindi mjini Morogoro, kinachonunua mahindi katika soko la Kibaigwa mkoani Dodoma na kuuza unga Dar es Salaam. Ukimwacha mwenye mali, kina watu 34: wa mashine 12, wa kufungasha 7, wa stoo 3, wa ununuzi 2, wa mauzo 4, madereva 2, wa fedha 2, fundi mitambo 1 na mpima ubora 1. Kilianza kama kinu kimoja cha mtaani, kikakua, na sasa mwenye mali hapati usingizi kwa sababu kila jambo linamsubiri yeye. Mwenye shule binafsi, zahanati, chama cha ushirika au kampuni ya ujenzi anaweza kubadili majina ya kazi na kuendelea.

Hatua ya kwanza: amua taasisi inataka kushinda kwa kitu gani

Mwanahistoria wa biashara Alfred Chandler, aliyechunguza kampuni kubwa za Marekani kama Du Pont na General Motors, alihitimisha mwaka 1962 kwamba muundo hufuata mkakati. Kiwanda chetu kina njia mbili mbele yake. Kinaweza kuuza sembe ya bei nafuu kwa mawakala katika mifuko ya kilo 25 na 50, na hapo ushindi utatokana na kununua mahindi wakati wa mavuno na kuhakikisha mashine hazisimami. Au kinaweza kuuza pakiti za kilo 1 na 2 kwenye maduka makubwa, na hapo ushindi utatokana na ubora usiobadilika na kufikisha mzigo siku iliyoahidiwa. Njia ya kwanza inamfanya mnunuzi kuwa mtu mzito katika muundo, na ya pili inawapa uzito mpima ubora na msimamizi wa usambazaji. Andika chaguo lako kwa sentensi mbili au tatu. Usipoweza kuziandika, simama hapo kwanza, maana hatua zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

Tuseme mwenye kiwanda amechagua mawakala kama biashara kuu na maduka makubwa kama biashara ndogo inayokua.

Hatua ya pili: lifuate gunia kuanzia getini

Kabla ya kutaja cheo chochote, kaa kiwandani siku tatu au nne ukifuata gunia la mahindi tangu linaposhushwa kwenye lori hadi linapotoka likiwa unga. Andika kila tendo: kupima unyevu, kupima uzito, kuingiza stoo, kusafisha, kukoboa, kusaga, kuchanganya virutubishi, kufungasha, kushona mifuko, kuhifadhi, kupakia, kupeleka, kudai fedha. Andika pia matendo yasiyogusa gunia lakini yasiyoepukika, kama vile kulipa mishahara, kununua vipuri, kusafisha jengo, kushughulikia leseni na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kwa kila tendo uliza maswali matatu: nani analifanya, nani anaamua lifanyike au lisifanyike, na kitu gani kinaandikwa linapofanyika. Majibu yataibua mambo mawili ambayo mchoro haungeyaonyesha. La kwanza ni kazi zisizo na mwenyewe. Katika kiwanda cha unga, pumba ni mfano bora: wafugaji hufika kuzinunua karibu kila siku, fedha zinapokelewa na yeyote aliye karibu, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua ziliuzwa kilo ngapi. La pili ni kazi zenye wenyewe wawili. Muuzaji anamwahidi wakala mifuko 200 kesho asubuhi, msimamizi wa zamu naye amepanga kesho asubuhi kusafisha mashine, na wote wawili wako sahihi kwa mujibu wa walivyoelezwa.

Usiwalaumu watu katika hatua hii. Mtu akihisi kwamba unatafuta mkosaji atakueleza jinsi kazi inavyopaswa kufanyika, wakati unachohitaji ni jinsi inavyofanyika kweli.

Hatua ya tatu: gawanya kazi kwa kiasi kinachobebwa na ukubwa wako

Hoja ya mgawanyo wa kazi iliwekwa wazi na mwanauchumi Adam Smith mwaka 1776 kwa mfano wa karakana ya pini. Watu 10 waliogawana hatua za utengenezaji, mmoja akinyoosha waya, mwingine akiukata, mwingine akiuchonga ncha, waliweza kutoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku, ilhali mtu mmoja asiyeizoea kazi hiyo, akifanya hatua zote peke yake, hakika asingefikisha 20. Sababu alizotaja bado ni za kweli: ustadi unaotokana na kurudia, muda unaookolewa kwa kutohama kutoka zana moja kwenda nyingine, na urahisi wa kubuni mashine kwa kazi ndogo inayojulikana.

Smith huyohuyo alisema pia kwamba mgawanyo wa kazi hupunguzwa au kuongezwa na ukubwa wa soko, na sehemu hii husahaulika. Kiwanda cha watu 34 hakina kazi ya kumtosha ofisa rasilimali watu, ofisa masoko na ofisa mawasiliano kila mmoja kwa cheo chake. Wakiajiriwa watatafuta la kufanya, na wakilipata litakuwa ni kuwapa wengine fomu za kujaza. Mhasibu wa pili anaweza kutunza majalada ya wafanyakazi na kumbukumbu za likizo hadi idadi ya watu itakapolazimisha vinginevyo.

Kuna hatari nyingine inayoumiza zaidi taasisi ndogo: kazi kushikwa na mtu mmoja tu. Fundi mitambo akiugua wiki mbili na hakuna mwingine anayejua kubadili beringi wala kukaza mikanda, kiwanda kizima kinaugua naye. Kwa hiyo, unapogawanya, mpe kila mtu kazi yake kuu na kazi ya pili anayoweza kuishika mwenzake asipokuwepo, kisha uandike.

Hatua ya nne: zikusanye kazi katika idara

Baada ya kugawanya lazima ukusanye tena, na msingi wa kukusanya ndio unaoupa muundo sura yake. Unaweza kukusanya kwa aina ya utaalamu, yaani uzalishaji, mauzo, fedha, ununuzi. Unaweza kukusanya kwa bidhaa, kama General Motors ilivyofanya chini ya Alfred Sloan katika miaka ya 1920, pale Chevrolet, Buick na Cadillac zilipokuwa na viongozi wao na hesabu zao huku makao makuu yakibaki na mtaji na sera. Unaweza kukusanya kwa eneo, kama McCallum alivyoigawa reli, au kwa aina ya mteja, kama benki inapowatenga wateja wa kampuni na wateja binafsi.

Kila msingi una bei yake. Utaalamu huokoa watu na vifaa, lakini idara huanza kujiona kama nchi huru, na mteja hana mtu mmoja wa kumuuliza. Bidhaa au eneo humpa mtu mmoja jukumu zima kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kila kitengo kitataka mhasibu wake, stoo yake na gari lake. Kwa taasisi yenye bidhaa moja na jengo moja jibu ni jepesi: panga kwa utaalamu. Kiwanda chetu kikifungua kinu cha pili Makambako, hapo ndipo suala la eneo litakuwa na maana. Kuwateua mameneja wa kanda kabla ya kuwa na kanda ni tamaa ya vyeo tu.

Hatua ya tano: kila mtu awe na bosi mmoja

Henri Fayol, mhandisi wa migodi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya madini na chuma kwa takribani miaka 30, alichapisha mwaka 1916 kanuni 14 za uongozi. Ile ya umoja wa amri, inayotaka mtu apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja, ndiyo aliyoitetea kwa maneno makali zaidi. Wahenga wa pwani walikuwa wamekwisha kulisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kanuni hii huvunjwa kila siku, na mara nyingi kwa nia njema. Mwenye kiwanda anapita kwenye mashine saa nne asubuhi, anaona unga si mweupe kama apendavyo, anamwambia mwendesha mashine abadilishe chekeche. Dakika kumi baadaye msimamizi wa zamu anauliza kwa nini uzalishaji umepungua, naye anajibiwa kwamba bosi mwenyewe kaagiza. Kuanzia siku hiyo msimamizi wa zamu ana cheo lakini hana kazi, kwa sababu wafanyakazi wameona kwamba neno lake linaweza kupitwa. Mwenye mali ana haki ya kuona na kuuliza lolote kwa mtu yeyote, lakini maagizo ayapitishe kwa msimamizi. Tofauti kati ya kuuliza na kuagiza ni ndogo kwa sauti na kubwa kwa matokeo.

Yapo mazingira ambamo mistari miwili haiepukiki, na serikali za mitaa za Tanzania zinatoa mfano mzuri. Mganga mkuu wa wilaya anawajibika kiutawala kwa mkurugenzi wa halmashauri, ilhali miongozo ya kitaalamu ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Mtendaji wa kijiji naye ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, lakini anafanya kazi kila siku na halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mpangilio wa namna hii hufanya kazi pale tu inapoelezwa kinagaubaga ni mambo gani yanafuata mstari upi: nani anatoa likizo, nani anapima utendaji, nani anaamua kiwango cha kitaalamu. Ukiachwa kwenye hisia, mtumishi mjanja atachagua bosi wa siku kulingana na jibu analolitaka, na mtumishi mwaminifu atalaumiwa na wote wawili.

Hatua ya sita: hesabu watu walio chini ya kila kiongozi

Mwaka 1933, V. A. Graicunas, mshauri wa uongozi mwenye asili ya Lithuania, alionyesha kwa hesabu kwa nini kiongozi huelemewa ghafla. Hakuhesabu watu peke yao, bali uhusiano wote unaoweza kutokea kati ya kiongozi na wasaidizi wake, mmoja mmoja, kwa makundi, na baina yao wenyewe. Kiongozi mwenye wasaidizi 4 ana uhusiano 44, mwenye 5 ana 100, mwenye 6 ana 222, na mwenye 10 ana 5,210. Hakuna anayeutumia uhusiano wote huo kwa siku moja, lakini hesabu inaeleza jambo ambalo wengi hulihisi bila kulitaja: msaidizi wa sita haongezi sehemu ya sita ya mzigo.

Hata hivyo, usiichukulie namba yoyote kuwa ni sheria. Joan Woodward, aliyechunguza viwanda 100 hivi vya kusini mwa Essex nchini Uingereza katika miaka ya 1950, aliona kwamba idadi ya watu chini ya msimamizi wa ngazi ya kwanza ilitegemea teknolojia, na ilikuwa kubwa zaidi katika viwanda vya uzalishaji kwa wingi, ambako kazi zinafanana. Watu saba wanaofungasha mifuko ileile wanaweza kusimamiwa na mmoja bila shida, na hata wangekuwa kumi na watano. Mameneja saba wenye kazi tofauti kabisa watamtoa jasho kiongozi yeyote. Chama cha TANU kilipoweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, kilichagua kipimo ambacho mtu asiye na ofisi wala mshahara angeweza kukimudu kwa miguu, kwa kuwa majirani zake anawafahamu na shughuli zao zinafanana.

Kwa kiwanda chetu, watu watano watawajibika moja kwa moja kwa mkurugenzi, ambaye ni mwenye mali mwenyewe: meneja uzalishaji, mkuu wa ununuzi, meneja mauzo na usambazaji, mhasibu, na mpima ubora. Meneja uzalishaji atakuwa na wasimamizi wawili wa zamu, kiongozi wa ufungashaji na fundi mitambo. Ngazi zinazomtenganisha mwendesha mashine na mkurugenzi ni mbili tu, na kwa watu 34 sioni sababu ya kuongeza nyingine. Kila ngazi mpya ni mahali pengine ambapo habari mbaya inaweza kulainishwa kabla ya kupanda.

Hatua ya saba: tengeneza jedwali la maamuzi

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kuliko popote, kwa sababu ndipo miundo mingi inapoanguka. Kumpa mtu cheo cha meneja na kumnyima uamuzi ni kumkabidhi usukani usiofungwa kwenye magurudumu. Mtu anapopewa jukumu lazima apewe pia mamlaka yanayolingana nalo na njia ya kuulizwa baadaye alivyoyatumia.

Chukua maamuzi 20 hadi 30 yanayojirudia katika taasisi yako na, kwa kila moja, mtaje mwenye neno la mwisho, wa kushauriwa kabla, na wa kuarifiwa baada. Sehemu ya jedwali la kiwanda chetu ingekuwa hivi:

| Uamuzi | Mwenye neno la mwisho | Wa kushauriwa | Wa kuarifiwa |
|---|---|---|---|
| Bei ya juu ya kununulia mahindi wiki hii | Mkurugenzi | Mkuu wa ununuzi, mhasibu | Meneja mauzo |
| Kununua mzigo fulani ndani ya bei hiyo | Mkuu wa ununuzi | Hakuna | Mhasibu |
| Kukataa mahindi yenye unyevu kupita kiasi | Mpima ubora | Hakuna | Mkuu wa ununuzi |
| Kusimamisha mashine kwa sababu ya hatari | Msimamizi wa zamu | Hakuna | Meneja uzalishaji |
| Kununua kipuri cha hadi shilingi 300,000 | Meneja uzalishaji | Fundi mitambo | Mhasibu |
| Kumpa wakala mzigo kwa mkopo ndani ya kikomo chake | Meneja mauzo | Mhasibu | Mkurugenzi |
| Kuajiri mfanyakazi wa kudumu | Mkurugenzi | Meneja husika | Mhasibu |

Angalia mstari wa tatu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa sababu mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu na kuvu huleta sumu. Mpima ubora angekuwa chini ya meneja uzalishaji, ambaye anapimwa kwa tani anazotoa, angeshinikizwa kupitisha mzigo kila mashine zinapokaribia kukosa mahindi. Ndiyo sababu nimemweka chini ya mkurugenzi ingawa ni mtu mmoja asiye na wasaidizi. Mkurugenzi akitaka kuutengua uamuzi wake, autengue kwa maandishi, na nadhani wengi wakifika kwenye kalamu watasita.

Kanuni ya kuchagua mwenye neno la mwisho ni hii: uamuzi ushuke hadi kwa mtu wa chini kabisa mwenye taarifa za kutosha na anayebeba matokeo yake. Mnunuzi aliye Kibaigwa saa kumi na mbili asubuhi anaona mahindi, mwenye mali aliye Morogoro haoni, kwa hiyo uchaguzi wa mzigo ni wa mnunuzi. Lakini mnunuzi haoni salio la benki wala madeni ya mawakala, kwa hiyo bei ya juu haiwezi kuwa yake.

Kushusha mamlaka kunahitaji zaidi ya kumhamisha mtu. Tanzania ilipotangaza Madaraka Mikoani mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Uamuzi ulisogea kijiografia, lakini ulibaki mikononi mwa watu wanaowajibika juu, na halmashauri zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilichukua njia nyingine: iliorodhesha kazi za serikali kuu na za kaunti 47 katika jedwali maalumu, ikaweka viongozi wa kaunti wanaochaguliwa na wakazi, na ikatamka kwamba mgawo wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mivutano haikuisha, lakini anayeteta anajua ni ukurasa upi wa kufungua. Meneja wa tawi lako anahitaji vitu hivyohivyo kwa udogo wake: orodha ya mambo yake, watu wa kumuuliza, na kifungu cha fedha asichokiombea ruhusa kila asubuhi.

Hatua ya nane: tenganisha mikono inayoshika mali

Mtu anayenunua mahindi asiwe ndiye anayeyapima uzito, anayeyapima asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayelinganisha hesabu za benki. Mtunza stoo nimemweka chini ya mhasibu, si chini ya uzalishaji, ili magunia yanayotoka stoo kwenda kwenye kinu yaandikwe na mtu asiyefaidika na hesabu kupungua. Pumba nazo zikabidhiwe stoo, ziuzwe kwa stakabadhi kama bidhaa nyingine yoyote. Watu wakiwa wachache mno kutenganisha kila kitu, mwenye mali mwenyewe awe mkono wa pili, kwa mfano kwa kusaini malipo au kushuhudia hesabu ya stoo mwisho wa mwezi.

Hatua ya tisa: ziunganishe idara

Kila mstari uliouchora kutenganisha kazi umeunda mahali ambapo jambo linaweza kudondoka. Uunganishaji wa bei rahisi kuliko wote ni utaratibu ulioandikwa: mauzo yapeleke maagizo ya kesho kwa uzalishaji kabla ya saa tisa alasiri, na agizo lililochelewa lisubiri kesho kutwa. Wa pili ni kikao kifupi cha asubuhi cha dakika 15, kikiwa na watu wanne na ajenda ileile kila siku: mahindi yaliyopo, hali ya mashine, maagizo, magari. Kikao kinachozidi nusu saa kwa kawaida kinatatua jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye jedwali la maamuzi.

Kiasi cha utaratibu kinachofaa hutegemea mazingira. Tom Burns na G. M. Stalker, walioandika mwaka 1961 kuhusu kampuni za Uingereza, nyingi zikiwa za elektroniki, waliona kwamba muundo wenye kanuni nyingi na vyeo vilivyopangika sawasawa huenda vizuri pale soko na teknolojia vinapotulia, na hukwama pale mambo yanapobadilika haraka. Kusaga unga ni kazi tulivu, kwa hiyo ratiba na fomu ziwe nyingi uzalishaji na chache mauzo.

Hatua ya kumi: andika, kisha hamia

Sasa chora chati. Tumia majina ya vyeo, si ya watu, na usitengeneze cheo kwa ajili ya ndugu aliyekosa pa kuwekwa. Katika biashara za familia hapa ndipo kazi yote ya awali huharibika: shemeji anapewa cheo cha mkurugenzi wa miradi, hana kazi katika orodha ya hatua ya pili, na kwa sababu hiyo anaingilia za wengine. Afadhali alipwe kama mwenye hisa kuliko kama meneja. Kwa kila cheo andika ukurasa mmoja: madhumuni, anawajibika kwa nani, maamuzi yake kutoka kwenye jedwali, na nani anamkaimu akiwa likizo. Kaimu apewe barua yenye tarehe ya mwisho, kwa kuwa ukaimu usio na mwisho humpa mtu lawama za cheo bila uzito wake.

Usibadili kila kitu Jumatatu moja. Anza na jambo linalouma zaidi, ambalo kwa kiwanda chetu ni maamuzi yote kumsubiri mwenye mali. Tangaza jedwali mbele ya wafanyakazi wote, na mkurugenzi ajizuie kwa mwezi mmoja: mtu akimpigia simu kuhusu kipuri cha shilingi 80,000, amwelekeze kwa meneja uzalishaji na kukata simu. Mawakala wa zamani waliozoea kumpigia yeye kuhusu madeni wapelekwe kwa meneja mauzo kwa utambulisho wa ana kwa ana, vinginevyo watamzunguka meneja huyo hadi achoke.

Baada ya miezi mitatu, rudi kwenye kiwanda na ufuate gunia tena kama ulivyofanya mwanzo. Hesabu mambo yaliyopanda kwa mkurugenzi katika wiki moja na uyalinganishe na jedwali: jambo lililopanda mara tano bila kustahili lina mwenye neno asiye na taarifa, asiye na fedha, au anayeogopa, na kila sababu ina tiba yake. Rekebisha mstari huo wa jedwali, weka tarehe mpya pembeni, na ubandike nakala mbili, moja ofisini kwa mhasibu na nyingine karibu na mizani ya getini, ambako malori yanapokelewa.